Sauti ya Anayeuliza

Nafula mwanangu,

Uko kwa Mama Brayo unasukwa nywele. Ukitoka huko utazunguka mtaa mzima wa Tuwan ukiaga watu, nakujua, kwa hivyo nina nafasi mpaka jioni. Ninaandika hapa dukani, karatasi iko juu ya gunia la pumba, na ukiona sentensi imekatika katikati ujue kuna mtu amekuja kununua chakula cha vifaranga.

Mambo ya sweta, pasipoti na kula vizuri shangazi yako ameyasema mpaka ukaziba masikio. Sina la kuongeza. Nataka tuzungumze juu ya kazi unayokwenda kuisomea, na juu ya Jumamosi ile kwa nyanya yako, Kukhu, kule Chwele. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini wewe na mimi tukikaa uso kwa uso, mmoja wetu hutafuta simu. Asubuhi nitakupa barua hii pamoja na chai. Isome kabla hatujapakia mizigo, kwa sababu kuna jambo ninaloliomba na lazima uliamue kabla ya kufika Chwele.

Jirani yetu yule mwalimu mstaafu alipita hapa jana. Nikamwambia unakwenda ng'ambo miaka mitatu kusomea mahojiano, jinsi watafiti wanavyowahoji watu na jinsi watu wenyewe wanavyojisikia wakihojiwa. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Ati anapanda ndege kwenda kusomea kuuliza watu maswali? Si hiyo hata chifu anafanya bure, bana!" Nikacheka naye. Alipoondoka nikakasirika peke yangu, kwa sababu kazi hiyo niliifanya ujana wangu wote, nikazunguka Bungoma yote na karatasi za maswali begani, na mpaka leo sijui kama niliijua.

Sasa Jumamosi. Ulikuwa umejitayarisha vizuri kuliko nilivyowahi kujitayarisha mimi. Maswali yako yote ulikuwa umeyakariri kwa Lubukusu, shangazi yako akikufundisha kwa simu, wewe ambaye tangu utoto unaongea nami Kiswahili cha Kitale na ukikasirika unaongea Sheng. Uliniambia mahojiano na Kukhu ni ya kujifunza tu, ya kupima maswali kabla ya kazi yenyewe. Sikukubishia. Nilijua unakwenda kumwuliza juu ya mama yako, kwa sababu Kukhu ni mzee, na miaka mitatu ni mingi kwa mtu wa umri wake.

Mimi sikuingia. Unajua mila yetu ilivyo: mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe, hampi mkono, hamtazami usoni. Kwa hivyo nilikaa nje upande wa jikoni na yule kijana wa pikipiki, tukala njugu zake. Nilisikia mnong'ono tu. Nikajua mambo hayaendi, kwa sababu kila mara sauti yako ilipopanda na kushuka ilifuatiwa na kimya, kisha neno moja la Kukhu, kisha wewe tena.

Ulipotoka, Kukhu alikufuata mpaka mlangoni huku akijifunga leso. Nikageuka kutazama migomba, kama inavyonipasa. Nikamsikia akisema anataka kukusindikiza. Nawe ukasema, kwa upole kabisa, "Usijichoshe, Kukhu, pikipiki iko hapa." Ukapanda. Tukaondoka.

Pale stendi ya Chwele ukaanza kulia mbele ya wauza vitunguu. "Kukhu hanipendi, Baba. Kila kitu ni sikumbuki, sikumbuki. Mtu anawezaje kusahau mtoto wake mwenyewe?" Nikakununulia soda, ndivyo ninavyofanya nikikosa maneno. Na juzi tulipokuwa tunapanga safari ya kesho, Kitale mpaka uwanja wa ndege wa Kisumu kwa pikap ya Kefa, nikasema tutasimama Chwele umuage Kukhu. Ukajibu bila kuinua macho, "Tupite tu, Baba." Nafula, hilo neno liliniuma. Naliandika hapa ili ujue liliniuma, si kwa kukulaumu.

Acha nikuambie kitu kimoja cha Cheptais.

Tulitumwa huko na watafiti wa chuo kuwauliza wakulima habari za mashamba. Mimi nilikuwa mkalimani na mshika kinasa sauti. Mzee mmoja, Msabaoti, tuliongea naye Kiswahili kwa sababu mimi sijui lugha yake naye hajui yangu. Alitukaribisha, akatupa maziwa ya mursik, akajibu kila swali kwa adabu. Shamba ni zuri. Mvua ni nzuri. Majirani ni wazuri. Niliandika "nzuri" mpaka mkono ukachoka. Na kila aliponyamaza, mimi, kwa kutaka kumsaidia, nilimmalizia sentensi. Akisema "Shamba hili sisi tuli...", mimi nasema "mlirithi?" Naye anasema, "Ndio, tulirithi." Nikajiona hodari.

Gari lilikuwa chini kabisa, barabara ilikuwa tope, dereva alikataa kupanda. Kwa hivyo tulipomaliza nikafunga kinasa sauti, nikakitia mkobani, na mzee akatusindikiza. Tulitembea naye polepole mteremko mzima. Hapo ndipo alipoanza kusema. Si tulirithi hata kidogo. Alisema, "Hii shamba, kijana, si ya baba yangu. Ndugu yangu alienda, akasema nichunge mpaka arudi. Hajarudi. Sasa nikisema ni yangu, ni kama nimemzika. Nikisema si yangu, watoto yangu watalala wapi?" Alisema hayo akitazama mbele, fimbo mkononi, mimi niko nyuma yake kidogo. Tulipofika garini akanyamaza, akatupungia mkono, akarudi.

Usiku huo mtafiti wetu, mama mmoja daktari wa chuo, alikasirika sana kwamba hakuna lolote lililorekodiwa. Mimi nilifikiri bahati mbaya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwetu mgeni hasemeshwi akiwa ameketi. Akiketi anakirimiwa. Anasemeshwa akisindikizwa, kwa sababu hapo mnatembea upande mmoja, hakuna anayemtazama mwenzake, na kila mtu anajua mazungumzo yatakwisha njia panda. Tangu siku hiyo kila tulipokwenda kwa mtu nilimwambia dereva aache gari mbali. Wengine walidhani naogopa mbwa.

(Nimerudi. Alikuwa mama wa kuku wa mayai, anasema kuku wamegoma. Nikamwuliza amebadilisha chakula? Akasema hapana. Nikanyamaza. Akasema, kidogo tu. Unaona?)

Sasa nije kwa mama yako.

Ofisi ya wale watafiti ilikuwa inachagua nyumba za kuhojiwa kwa kura. Siku moja kura ikaangukia nyumba ya mama mkwe wangu, Kukhu huyu huyu. Ningeweza kuomba abadilishwe, au apelekewe mtu mwingine, lakini wenzangu walikuwa Webuye na muda ulikuwa umekwisha. Nikaenda na mama yako. Wewe ulikuwa mgongoni mwake. Kukhu akakaa ndani, mimi nikakaa nje barazani nikiupa ukuta mgongo, na Nanjala, mama yako, akakaa kizingitini katikati yetu, kinasa sauti mapajani. Mimi nilisema swali kwa Kiswahili kama lilivyoandikwa, yeye akalisema ndani kwa Lubukusu, na Kukhu akajibu.

Unamjua mama yako kwa picha ile moja tu, amenuna kwa sababu mpiga picha alichelewa. Hakuwa mtu wa kununa. Yale maswali aliyageuza alivyotaka. Nilipouliza mara ngapi kwa wiki wanakula nyama, alisema ndani, "Mama, huyu mkweo anauliza nyama mnakula lini. Mwambie ajibu mwenyewe, si yeye ndiye anayekuja kuimaliza?" Nikasikia Kukhu anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, kwa sababu mbele ya mkwe mama mkwe hacheki hivyo. Na akaongea! Akaongea juu ya miaka ya njaa, juu ya kuuza ng'ombe Chwele peke yake wanaume wakimcheka, juu ya watoto aliowazika. Mtafiti wetu alisema baadaye kwamba ndiyo mahojiano bora ya safari nzima.

Kanda hiyo niliinukuu mwenyewe, yaani kuisikiliza na kuandika kilichosemwa. Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo kosa ninalotaka ulijue, wewe uliye wa kazi hii. Sisi wanukuzi tulikuwa na haraka. Maswali tulikuwa nayo kwenye karatasi tayari, kwa nini uyaandike tena? Kwa hivyo sauti ya anayeuliza ikianza, unabonyeza kwa kidole, unairusha kanda mbele mpaka kwenye jibu. Niliruka kila swali. Nilimruka Nanjala tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha kanda ikarudishwa ofisini, ikafutwa, ikarekodiwa mtu mwingine. Zilikuwa kanda za ofisi na ndivyo ilivyokuwa, hakuna mtu wa kulaumiwa kwa hilo.

Kabla ya mwaka kwisha mama yako aliugua homa, akafa. Wewe hukuwa hata umeanza kusema vizuri. Nimerekodi sauti za watu wa Bungoma hii mpaka sizikumbuki, na ya mke wangu sina. Uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la nne, "Mama alikuwa anaongea vipi?" Nikasema, "Vizuri." Lilikuwa jibu kama la yule mzee wa Cheptais. Nisamehe. Kila nilipojaribu kukuigia sauti yake ilitoka yangu.

Jumanne nilikwenda Chwele kutafuta mahindi ya kusaga. Nilipomaliza sokoni, nikatembea mpaka kwa Kukhu. Nikakaa barazani, mahali pale pale. Yeye akiwa ndani, anachambua maharagwe, nasikia yanavyodondoka kwenye ungo. Tukasalimiana. Mulembe, mulembe. Tukaulizana mvua. Kisha nikanyamaza, na safari hii sikummalizia mtu sentensi.

Baada ya muda akasema, "Baba Nafula, mtoto alikasirika?"

Nikasema, "Alilia, Mayi."

"Nami nililia. Nilingoja mwende."

Maharagwe yakaendelea kudondoka.

Akasema, "Nani alimfundisha kuongea vile?"

Nikasema ni shangazi yake, kwa simu, na kama kuna maneno uliyokosea anisamehe, mtoto amekulia Kitale.

"Hakukosea," akasema. "Ningefurahi angekosea. Amekuja hapa miaka yote hii na Kiswahili chake, nikamwona ni mtoto wa mjini, nikampenda hivyo hivyo. Jumamosi akafungua mdomo kwa lugha yetu, na aliyekuwa ameketi pale ni Nanjala. Si sura, sura ni yenu. Sauti. Ile ya kupanda mwisho wa swali, kama mtu anayetaka kucheka. Kisha akaniuliza, 'Kukhu, mama yangu alikuwa mtu wa namna gani?'" Maharagwe yakasimama. "Sasa wewe niambie. Nitamjibu nini mtu anayeniuliza yeye ni nani, kwa sauti yake mwenyewe?"

Nafula, nilikuwa nimeupa ukuta mgongo, na nashukuru mila yetu iko hivyo, kwa sababu sikutaka mama mkwe wangu aone uso wangu.

Baadaye akasema alisema "sikumbuki" kwa sababu ndilo neno fupi kuliko yote. Lingine lolote lingemvunja mbele yako. Alifikiri akikusindikiza mpaka barabarani, mkitembea, atapata nguvu ya kusema. Alikuwa ameshajifunga leso. Lakini pikipiki ilikuwa mlangoni.

Pikipiki niliiita mimi. Mimi niliyekuwa nawafundisha madereva kuacha magari mbali.

Niliporudi Kitale nilifungua kompyuta ya duka. Unakumbuka uliniwekea ile rekodi nikutafsirie sehemu za Kukhu, ukasema hakuna haraka, maana hakuna kitu ndani. Nilikuwa sijaifungua. Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, watu wakagonga, sikufungua. Nikaisikiliza. Mara ya kwanza nilijikuta kidole kinatafuta pa kubonyeza ili niruke maswali, mazoea ya zamani hayaishi. Nikakiondoa kidole.

Mimi nimeishi nawe maisha yako yote na sikuwahi kuisikia hiyo sauti ya mama yako kinywani mwako, kwa sababu nyumbani tunaongea Kiswahili, na mama yako Kiswahili hakukitumia nasi hata siku moja. Alikuwa anasema cha sokoni kinatosha sokoni. Nilipomzika nikaacha kuongea Lubukusu ndani ya nyumba. Sikukusudia, ilikuwa tu kwamba hakukuwa na wa kunijibu. Kwa hivyo ilikaa ndani yako miaka yote hiyo na hakuna aliyeiita.

Najua hupendi kujisikia kwenye rekodi. Unasema sauti yako ni kama ya bata. Na najua chuoni watakufundisha mambo mengi ambayo mimi siyajui kuhusu nani anahoji na nani anahojiwa, na nguvu iko kwa nani, na utaandika kitabu kinene. Ninakuomba mambo mawili tu.

La kwanza. Ukifika huko, siku utakayokuwa peke yako na baridi imekaza, fungua ile rekodi. Usimsikilize Kukhu. Ruka majibu yote, yale ya sikumbuki, kama mimi nilivyoruka maswali. Msikilize anayeuliza. Uliuliza mama yako alikuwa anaongea vipi, na mimi nikakujibu "vizuri". Jibu lenyewe liko hapo, umelirekodi wewe mwenyewe, na ni refu, karibu saa nzima.

La pili ni la kesho. Nimeshaongea na Kefa. Pikap itasimama Chwele sokoni, na haitapanda mpaka kwa Kukhu hata ukitoa machozi. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu, unaijua njia. Simu iache kwenye gari. Kukhu anajua utakuja. Alisema Jumanne kwamba hatakuandalia chai, atakuwa amevaa viatu tayari. Msalimie kwa Lubukusu. Atakuomba umwulize tena swali lile la mama yako, mwulize, kisha mgeuke mwanze kurudi barabarani pamoja, yeye mbele kidogo, wewe nyuma, kwa mwendo wake. Atasema au hatasema. Usimmalizie sentensi.

Ndege ni ya jioni. Mimi nitabaki sokoni na mizigo, nitamwambia Kefa anunue vitunguu, na nitakuwa nimegeukia upande mwingine ili Kukhu aweze kukufikisha mpaka garini. Msiharakishe.

Baba yako.